Kipande Namba Saba

Kindu, tarehe 4 Februari 2024

Mjomba Florentin,

Pokea salamu za nyumba nzima, wewe na mke wako mama Safi. Sisi tuko wazima kiasi. Mvua imepiga sana mwezi huu, mto Lualaba umejaa mpaka watu wa Lokandu wanalalamika kwamba samaki wametawanyika, na sokoni tunauziwa vidagaa kana kwamba tunafanyiwa hisani. Mtoto wangu wa pili, Arsène, ameanza kutembea. Mama yuko. Miguu inamvimba, lakini bado ana nguvu za kugombana na kila mtu kuhusu chumvi.

Labda unajiuliza ni nani huyu anayekuandikia. Ni mimi Naomie, wa dada yako Geneviève, yule uliyemwacha ana miaka saba na pengo mbele. Sasa nina ishirini na tisa, na nafanya kazi katika chumba kilekile ulichofanyia wewe, labo ya kupima vipande vya nyama vya wagonjwa. Mlango umebadilishwa na bati ni jipya, lakini meza ya saruji ni ileile. Wazee wengine wa hospitali wakinikuta nimekaa pale wanatikisa kichwa na kuondoka. Sijui wanamkumbuka nani.

Nimepewa wanafunzi wanne niwafundishe kutayarisha vipande bila kuumia wala kuumiza: tangu daktari anapotukabidhi nyama aliyoikata, tunapoilowesha ndani ya formoli isioze, tunapoikausha kwa alkoli na kuisafisha kwa xilene, mpaka imejaa nta na kukatwa nyembamba iwekwe kwenye kioo, daktari wa darubini aisome. Vitabu ninavyo, ila vimeandikwa na watu wenye umeme masaa yote. Nimeona nikuulize wewe. Chupa mlikuwa mkiziandika vipi? Formoli kiasi gani kwa nyama kiasi gani? Hewa ya xilene mliitoaje chumbani? Na mashine ya kukatia, mliwafundishaje watu wasipoteze vidole?

Swali la mwisho ni dogo. Kikishakatwa kijipande cha kusoma, nyama iliyobaki mlikuwa mkiipeleka wapi?

Barua hii anaileta Dieumerci, mwenye pikipiki anayepeleka bidhaa Punia. Unaweza kumpa jibu.

Mpwa wako,
Naomie


Punia, tarehe 2 Machi 2024

Naomie wa Geneviève,

Salamu zimefika, nazo zinarudi kwako, kwa mume wako ambaye hukumtaja, na kwa Arsène anayetembea. Hapa tunaendelea. Safi alikuwa na malaria, imepita. Mihogo tumepata, mpunga hapana. Huku anayetaka wali mzuri anaota ndoto za Kibombo.

Barua yako imenifikia imefunguliwa na kubandikwa tena kwa uji wa muhogo. Dieumerci anaapa si yeye. Nani aliisoma kabla yangu? Na nani amekutuma? Miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa nyumba ile aliyeniuliza hata kama nina homa, leo wananiuliza kuhusu chupa. Mimi si mtoto. Lakini umeuliza kazi, na kazi sijawahi kumnyima mtu.

Chupa huandikwa ubavuni, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko vinatembea. Mtu anafungua chupa tatu, anaitwa mlangoni, akirudi anafunika ya huyu kwa kifuniko cha yule, na kuanzia hapo unamtibu mtu asiyeumwa. Andika kwa penseli. Wino wa bic unaonekana mzuri mezani, lakini ukiingia kwenye alkoli unayeyuka, unabaki na karatasi nyeupe na nyama isiyo na mwenyewe. Nimeona daktari mzima analia kwa sababu hiyo.

Formoli, kumi kwa moja. Nyama ikiwa ngumi moja, maji yake yawe ngumi kumi. Watu wabahili wanaweka nusu kikombe, nje inakauka na katikati inaoza. Dirisha wazi, mgongo kwenye upepo, glavu mkononi. Ukingoja mpaka macho yawashe, umeshachelewa. Xilene na moto haviingii chumba kimoja, hata kama ni wa kuchemshia chai, hata kama mkubwa wa hospitali ndiye anayetaka chai. Mashine ya kukatia ina gurudumu, na gurudumu lina kufuli yake. Funga kwanza, kisha ndipo kidole kiguse bloki ya nta yenye nyama. Mimi kidole cha pili cha mkono wa kushoto ni kifupi kuliko alichonipa Mungu. Waonyeshe wanafunzi picha yangu kama mnayo bado, ingawa nasikia mliichoma.

Umeuliza mambo manne na nimekujibu manne.

Florentin Onema


Kindu, tarehe 20 Machi 2024

Mjomba,

Nakusalimu kwa heshima, na pole nyingi kwa mama Safi. Mume wangu anaitwa Mike, ni fundi wa redio, anakusalimu pia. Picha yako haikuchomwa. Ilitolewa ukutani, ikawekwa uso chini ndani ya kabati la vyombo. Niliikuta nikiwa na miaka kumi na mbili, na nikachapwa kwa kuigeuza.

Wanafunzi wamepokea maneno yako vizuri. Yule wa chai tumemsikia wote tukacheka, maana naye tunaye. Lakini mjomba, niliuliza mambo matano. La tano umeliruka kama mtu anavyoruka tope.

Basi niseme wazi. Hakuna aliyenituma. Mama miguu yake si ya chumvi, ni moyo. Daktari Célestin, anayesoma vioo vyangu, ameniambia pembeni nisitegemee miaka. Mama mwenyewe anajua. Ameanza kupanga nguo za kuzikiwa, na kila akizipanga anasema neno moja: hataki kuingia ardhini pungufu. Unajua kwetu, kilichotoka mwilini hurudishwa kwa wenyewe kizikwe, ili siku ile mtu aende mzima. Ziwa lake la kushoto lilikatwa Oktoba 2002. Lilipita mikononi mwako. Halikurudi.

Mimi nimekula ugali wangu wote wa utoto pamoja na hadithi ile. Mzee Bulaimu, binamu yenu, anaisimulia kila kwenye matanga: kwamba ndugu walikuja kudai, wewe ukawaangalia bila kusema neno. Kwamba wiki mbili baadaye ulitoroka usiage, ukaenda Punia, mahali ambapo wachimbaji wa mawe ya madini wanasemekana kununua nyama ya mtu ili shimo liwape bahati. Kwamba baadaye ulijenga nyumba ya bati. Watu wanajumlisha wenyewe.

Mimi ni mtu wa labo, sijumlishi nisichokiona. Kwa hiyo nakuuliza kwa kalamu yangu: uliuza nyama ya mama yangu?

Naomie


Punia, tarehe 29 Aprili 2024

Naomie,

Sijambo, Safi hajambo, mvua zinaendelea. Salamu kwa fundi wa redio.

Barua yako nilikaa nayo mwezi mzima. Nilikuwa naitoa, naisoma mpaka lile swali, naikunja. Umenikosea adabu, na umefanya vizuri. Wengine walikata hukumu bila hata kuuliza.

Sikuuza. Bati la nyumba yangu lilitoka kwenye mshahara wa zahanati, miaka sita, bati kwa bati, na mpaka leo upande wa jikoni kunavuja. Nilikuja Punia kwa sababu ndiko zahanati ilikokuwa inatafuta mtu wa labo, na ndiko kulikokuwa mbali na macho ya Bulaimu.

Mengine muulize mama yako. Tarehe 9 Desemba 2002 nilimwandikia barua, kurasa mbili, nikaeleza kila kitu. Aliyeipeleka alirudi akaniambia ameiweka mkononi mwake. Jibu sikupata. Mtu akinyamaza miaka yote hiyo, na mimi nina haki ya kufikiri ninachofikiri.

Nami nina swali. Lile kabati la chuma la kijani, lenye droo ya chini inayokwama, bado lipo?

Florentin


Kindu, tarehe 23 Mei 2024

Mjomba mpendwa,

Salamu kwenu. Arsène ameangukia mlango, ana nundu, anaionyesha kwa fahari. Mike amepata kazi ya kutengeneza mitambo ya redio ya kanisa. Mama alilazwa siku nne, amerudi.

Nilimuuliza. Nilisubiri ale kwanza, nikamwuliza kwa upole: “Mama, mjomba Florentin alikuandikiaka barua mwaka ule wa vita?”

Aliweka sahani chini. “Barua gani? Mi sijaonaka barua ya Florentin. Nani alikuambia hiyo?”

“Yeye mwenyewe.”

“Basi njo ukamuulize yeye mwenyewe.”

Kesho yake nilikuta sanduku lake la mbao, ambalo siku zote hukaa chini ya kitanda, limehamia kichwani pake, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kitenge. Nakuambia nilichokiona, sisemi kina maana gani. Mmoja wenu ananidanganya, na wote wawili ninawapenda, sasa nifanye nini.

Kabati lipo. Droo ya chini tulilazimika kuifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo bloki kumi na moja za nta, kila moja na kipande cha nyama ndani kama haragwe. Hazifanani na zetu. Nta yake ni nyeupe, laini, na nilipoyeyusha chembe kwenye ncha ya kisu ilinuka kama kanisa. Kila moja ina kikaratasi chenye namba ya penseli, toka moja mpaka kumi na moja. Jina hakuna hata moja.

Majina yangekuwa kwenye daftari la 2002. Nimetafuta. La 2001 lipo, la 2003 lipo. La katikati halipo, na mlinzi wa zamani anasema ulionekana ukitoka nalo kwapani.

Mjomba, mtu asiye na hatia anachukua daftari la nini? Na nta hii ni nini?

Naomie


Kindu, tarehe 18 Julai 2024

Mjomba,

Natumaini mko wazima. Sisi tupo. Dieumerci ameenda Punia mara tatu na kurudi mikono mitupu. Anasema unampa maji ya kunywa, unamuuliza habari za barabara, basi.

Miguu ya mama sasa imevimba mpaka magotini. Mzee Bulaimu alikuja Jumapili, akasema mbele yake kwamba akifa, wewe usipewe hata habari. Mama hakukubali, hakukataa. Aliniangalia mimi.

Sina la kuongeza.

Naomie


Punia, tarehe 11 Agosti 2024

Mpwa wangu Naomie,

Nakusalimu, na ninamsalimu mama yako. Ni mara ya kwanza naandika maneno hayo tangu mwaka ule. Mwambie au usimwambie.

Kuhusu ile barua: kama yaya Geneviève anasema haikufika, basi haikufika. Yeye ni dada yangu mkubwa. Tuishie hapo, usimsumbue tena, ana moyo mgonjwa. Nitakueleza wewe, maana wewe unashika kisu kama mimi na utaelewa.

Oktoba ile mji ulikuwa umezungukwa. Reli ilikufa, mashamba hayaendeki, chumvi tulikuwa tunailamba kama dawa. Daktari alikuwa bado anakata kwa sababu wagonjwa hawakusubiri vita iishe. Nilikuwa na chupa kumi na moja rafuni, kila moja na nyama ya mtu. Ya saba ilikuwa ya dada yangu. Nilikuwa nimekwisha kukata kutoka kila moja kijipande cha kusoma, nikakifunga ndani ya kitambaa cha chandarua pamoja na namba yake ya penseli, nikavitia vyote kwenye kopo la maziwa lenye formoli kidogo.

Mkubwa mmoja wa askari waliokuwa wameushika mji alikufa kwa homa. Ndege ya kumchukua haikuja, na joto unalijua. Walisikia kwamba formoli inazuia maiti isiharibike. Waliingia watano, asubuhi, wakaniambia, “Fungua ile stoo.” Walijua ufunguo uko kwangu. Walichukua madumu mawili. Hayakuwatosha. Wakaziona chupa rafuni.

“Mwaga hapa ndani,” mmoja alisema, akasukuma ndoo kwa mguu.

Nikawaambia, “Bakubwa, hizi ni nyama za watu, ziko na wenyewe.”

Akaniwekea bunduki hapa chini ya sikio. Nilimwaga, Naomie. Nilijimwagia, ngozi ilichubuka mpaka kiwiko. Nyama zote kumi na moja zikabaki kwenye karai moja, za wanaume na wanawake, za Waislamu na Wakristo, hakuna wa kuzitenganisha. Wakaniamuru nizitupe. Nilizipeleka kwenye shimo la kondo za uzazi nyuma ya maternite. Nilisoma Baba Yetu, halafu nikasoma Fatiha niliyofundishwa na nyanya yetu, nikafukia.

Kopo la maziwa lilikuwa chini ya meza, hawakuliona. Formoli yake niliiacha siku mbili tu, ikawa imechoka. Nikanunua pombe ya lotoko kwa mama mmoja wa mtaa wa Mikelenge, nikaichemsha tena mara mbili iwe kali, ikawa ndiyo alkoli yangu. Badala ya xilene nikatumia mafuta ya taa. Parafini haikuwepo, padri akanipa mishumaa kumi na minne. Ndiyo nta yako inayonuka kanisa. Usiwafundishe wanafunzi wako upuuzi huo. Lotoko, mafuta ya taa na nta ya moto, chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa sababu ya risasi: ningeweza kuichoma hospitali nzima pamoja na wagonjwa wake. Lakini vipande vilikatika, na daktari mgeni aliyepita na ndege ya misaada alivisoma. Cha namba saba alisema ugonjwa ni mbaya, ila umekatwa wote, mwili uliobaki ni msafi. Mama yako anaishi mpaka leo, kwa hiyo alisoma vizuri.

Ndugu walipokuja kudai ziwa, nilikuwa na nini cha kuwapa? Niseme liko kwenye shimo la kondo na nyama za watu kumi? Wangeuliza askari walijuaje ufunguo uko wapi. Kuna mtu aliyewaambia. Sikumtaja wakati ule, na hapa pia simtaji. Siku zile mtu aliyesemekana kuwaonyesha askari kitu alikuwa akichomewa nyumba upande wa pili wa vita ukiingia mjini. Nikanyamaza. Daftari nililichukua kwa sababu hiyohiyo, kusudi asije mtu akazunguka na orodha ya familia kumi na moja akiuliza.

Nimekata ukurasa mmoja. Ni huu. Soma mstari wa saba.

Mjomba wako


Kindu, tarehe 8 Septemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Leo neno hilo ni kweli, nawe utaona.

Ukurasa ulifika mzima, barua haijafunguliwa. Nilimwapisha Dieumerci kwa mama yake. Mstari wa saba umesomeka: jina la mama, ziwa la kushoto. Lakini samahani, bado sikukuamini. Nimelelewa kukushuku na tabia haikatiki kwa barua moja. Niliyeyusha bloki namba saba kwenye tanuri letu, nikaitoa mishumaa, nikaijaza parafini ya kweli, nikafunga gurudumu kwanza kama ulivyosema, nikakata. Daktari Célestin alikaa na kioo kile muda mrefu. Sikumwambia ni cha nani. Akasema, “Hili ni ziwa la mwanamke, saratani iko hapa katikati, na ukingoni ni safi. Nani alitayarisha? Imekauka kidogo, lakini huyu mtu alijua kazi.” Nilitoka nje nikalia karibu na tangi la maji.

Nikamwomba daktari ruhusa ya kukichukua. Alisema kipande cha mgonjwa ni cha mgonjwa, nitie saini tu. Nilikifunga kwenye leso safi nikakipeleka nyumbani.

Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu juu ya mto. Nilimsimulia yote: askari, ndoo, karai, shimo, mishumaa. Nilisema pia kwamba umekataa kumtaja aliyewaambia kuhusu ufunguo. Hapo aligeuza uso ukutani. Nikamwekea bloki kiganjani.

Aliipeleka karibu na jicho, akaigeuza.

“Njo hii tu, hakuna ingine?”

“Njo hii, mama. Ingine iko kwa shimo.”

“Kwa kitu kidogo hivi njo nilikosaka ndugu yangu miaka makumi mbili na mbili.” Akalia kwa sauti, mjomba, mama ambaye hakulia hata kwenye maziko ya baba. Kisha akafungua pindo la kitenge, akanipa ufunguo wa sanduku.

Barua yako ilikuwa chini ya nguo za kuzikiwa. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Niliisoma pale mbele yake, pamoja na mistari miwili ya mwisho, pale unapoandika kwamba unajua ni yeye aliyewaambia askari ufunguo uko kwa ndugu yake, na kwamba humlaumu. Mama alikuwa amelazwa, siku ya tatu baada ya kukatwa. Askari alizungusha bunduki wodi nzima, kitanda kwa kitanda, akauliza nani anajua. Alipofika kwa mwanamke wa pembeni yake mwenye kitoto kifuani, mama akasema.

“Niliogopa barua,” aliniambia. “Watu wangeiona wangeniua, ao wangechoma nyumba na nyie ndani. Kiisha vita ikaisha, nikaanza kuogopa Bulaimu. Kiisha nikaogopa wewe. Na Florentin alikuwa ananyamaza tu. Kadiri alinyamaza, mi nilisikia haya kupita mwanzo.”

Nilimkasirikia, sitakuficha. Nilitoka nikakaa uani mpaka hasira ikashuka. Aliniacha nikatae kumtazama uso siku mbili, halafu akanituma niwaite watu wote Jumapili baada ya misa. Walikuja, na mzee Bulaimu akaja na kofia yake. Mama alisoma barua yako mwenyewe, kwa sauti, toka salamu mpaka mwisho. Hakuruka kitu. Bulaimu aliomba maji. Alipomaliza kunywa alisema atakuomba radhi kwa mdomo wake, si kwa barua, maana aliyasema kwa mdomo.

Bloki mama hakutaka kuizika sasa. Amesema irudi kabatini ikae na wenzake mpaka siku yake ifike, na siku ile anataka wewe ndiye uiweke ubavuni mwake, si mwingine.

Picha yako imerudi ukutani. Njoo, mjomba, njoo akiwa bado anakaa.

Naomie


Punia, tarehe 25 Septemba 2024

Naomie, mama yangu mdogo,

Salamu kwako, kwa Mike, kwa Arsène na nundu yake. Yaya Geneviève salamu zake nitampa mwenyewe.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha Safi akanisomea tena nikiwa nimekaa. Nina furaha na nina hasira. Mistari ile miwili ilikuwa kosa langu. Kama nisingeiandika, angeweza kuonyesha barua tangu mwanzo, na wewe ungelelewa ukijua kuwa una mjomba. Nilitaka ajue kwamba najua na nimesamehe. Nilikuwa kijana, nilifikiri mtu akisamehewa anafurahi. Sikufikiri kwamba nimempa karatasi ya kumfunga. Mwambie hakuhitaji kuisoma mbele ya Bulaimu. Halafu usimwambie, maana ameshaisoma, na ulikuwa ujasiri mkubwa kuliko wangu wa kunyamaza.

Dieumerci anatangulia na barua hii, na akirudi natoka naye. Barabara ni mbaya, tutalala njiani mara mbili, tatu ikiwa mvua itatupata. Naomba kitu kimoja tu: siku ya kwanza asiwepo mtu nyumbani ila yaya na wewe. Nimezoea watu kuhama upande wa njia wakiniona, na sijui nitafanyaje wakisimama kunisalimia wote kwa pamoja.

Daftari nakuja nalo, limefungwa kwenye nailoni, pungufu ukurasa mmoja ulio nao wewe. Tafadhali uutunze. Kopo lako lina bloki kumi nyingine, na mimi nina majina kumi. Wengine watakuwa wamekufa, lakini wana watoto, na watoto hao nao wamelelewa kwa hadithi ya Bulaimu. Tutakaa na yaya kwanza, siku tatu au nne, tule vidagaa vyenu. Kisha utavaa koti lako la labo, mimi nitabeba kopo, na tutapita nyumba kwa nyumba.

Mjomba wako,
Florentin